Gurudumu la Akiba na Mkono wa Komba

Juzi mlinialika kiwandani, vijana wangu, mkanipa kiti na soda, mkanizungusha chumba kwa chumba kama bibi harusi. Mkataka kunivisha na kofia ya kiwanda, nikaikataa, mkaona mzee ana maringo. Hilo la kofia nitalirudia. Kwanza niwaambie kwamba nilirudi nyumbani nimenuna, na mke wangu ni shahidi, maana aliniwekea chai nikaiacha ikapoa. Mnataka kujua kwa nini? Pale kwenye chumba cha boila niliona gurudumu dogo jekundu, lile la kufungulia maji kwa mkono siku kompyuta zenu zitakapogoma. Limetundikwa koti. Nikauliza, "Hili mara ya mwisho limezungushwa lini?" Mkatazamana. Mmoja wenu, yule mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, akanijibu kwa adabu zote, "Babu, hilo ni la akiba tu."

La akiba tu! Akiba gani hiyo ambayo hata hamjui kama ipo? Mtu akijaza mahindi ghalani asifungue mlango miaka mitatu, ana akiba huyo, au anafuga panya? Nilitaka kulipuka palepale, nikakumbuka nimekunywa soda yenu, nikanyamaza. Sasa nimetulia, yaani nimetulia kidogo, ndipo ninawaandikia. Gurudumu kama hilo, la akiba tu, ndilo lililomwunguza mkono rafiki yangu Komba, na aliyelifunga ni mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi. Mimi, Agusti, nilikuwa kijana wa Kihehe kutoka Kalenga, nimefundishwa ufundi wa vyuma kwa mapadre, najiona najua kila kitu kwa sababu nilikuwa na spana zangu mwenyewe. Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Salim, mzaliwa wa Iringa mjini ambaye baba yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na akikusema vibaya ulikuwa unafika nyumbani ndipo unagundua kuwa umesemwa. Komba yeye alikuwa Mngoni wa Songea. Kazi yake ilikuwa kulisha boila kuni na kuchunga maji yake.

Nawajua, boila ninyi mmeisomea kwenye skrini, kwa hiyo niseme kwa lugha ya jikoni. Ni sufuria kubwa iliyofunikwa. Kuni zinawaka chini, mvuke unatoka kwenda kuendesha mashine na kukausha majani. Maji yakipungua huku moto unawaka, hapo hakiungui chakula, hapo inapasuka sufuria yenyewe na kuondoka na ukuta na watu. Ndiyo maana pembeni pana bomba la kioo linaloonyesha maji yamefika wapi. Zamani mtu alisimama mbele ya kioo hicho kutwa nzima akizungusha gurudumu, anafungua maji kidogo, anafunga kidogo. Baadaye kikaletwa chombo chenye boya ndani yake, maji yakishuka boya linashuka na kufungua, yakipanda linafunga, hakuna anayegusa kitu. Tulikipa jina la Kinyonga, kwa kuwa kilikwenda polepole, mbele, nyuma, mbele, kama hakijaamua safari.

Kinyonga kilipokuja, lile gurudumu la mkono liliachwa kwenye bomba la pembeni. La akiba. Mnaona maneno hayakuanza kwenu. Lilishika kutu, likawa gumu hata tukaliwekea kipande cha bomba cha kulikazia, nusu ya watu wakatundika makoti hapo, na mama mmoja wa kuchambua majani alikuwa anaanika soksi za mumewe. Na lilikuwa na kasoro nyingine ambayo haikuandikwa popote. Miaka ya nyuma lilivunjika, na fundi aliyenitangulia akaliwekea mhimili aliouchomoa kwenye mashine nyingine, wenye hesi, zile njia za skrubu, zilizogeuka kinyume. Vali, yaani koki kama hiyo, dunia nzima hufunguka ukizungusha kushoto. Yetu ilifunguka kulia. Wachoma kuni wote walijua, na walijua kwa mikono, si kwa kichwa. Hakuna aliyeona ajabu, kama usivyoona ajabu mlango wa nyumba yako unaotaka kupigwa teke ndipo ufunguke.

Sasa kuna jambo jingine, na hili mliokulia mjini mlisikilize vizuri. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana vita vikali, vita vikaisha, yakabaki maneno. Mtani wako anaweza kukuita mateka wake mbele ya mkweo. Anaweza kukuvua kofia kichwani akaondoka nayo, nawe huruhusiwi kukasirika. Wala mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umeharibu, maana ni kama kusema kulikuwa na ugomvi. Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, basi kila asubuhi Komba alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mateka wangu! Jana umekula mbwa wangapi?" Nami namjibu, "Mmoja tu, tena mwembamba, alitoka Songea." Kazi inaanza.

Basi siku moja Bwana Meneja, Mzungu mrefu aliyependa kila kitu kipakwe rangi, akaamua lile gurudumu kuukuu liondoke. Alikuwa sahihi, hilo sikatai. Vali mpya ikaja kwenye sanduku la mbao, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, gurudumu lake jekundu. Mzee Salim alikuwa amefiwa na dada yake huko Kihesa, Iringa mjini, anaondoka kwenda kuzika. Akaniita kando. "Mwanangu, vali utaifunga Jumamosi boila ikiwa imezimwa. Lakini kabla hujaifunga, muulize Komba. Mkono utakaoitumia ni wake, si wako."

"Sawa, mzee."

Na nilimwuliza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilimwuliza. Jumamosi asubuhi nilimpa vali mkononi, mafundi wenzangu wawili wamesimama hapo. Komba akaishika, akafumba macho, akazungusha. Akafumbua macho.

"Wewe Mhehe, hii kitu inafungua kushoto."

"Ndiyo. Vali za dunia nzima zinafungua kushoto."

"Ya kwetu inafungua kulia. Mkono wangu umezoea kulia. Siku maji yakikimbia mimi sitafikiri, mkono ndiyo utafikiri. Utaniua."

"Ninyi babu zangu walipowafukuza, mlikimbilia kulia au kushoto?"

"Tulikuwa tunakimbia mbele, tunawafuata ninyi. Agusti, nasema kweli hii."

"Mngoni na kweli mlikutana wapi?"

Wale wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Komba naye akacheka, kwa sababu mtani akikupiga neno zuri ndivyo unavyotakiwa kufanya. Nikafunga vali. Haikufika saa saba mchana nilikuwa nimemaliza, gurudumu linang'aa, lile la zamani nimelitupa kwenye vyuma chakavu. Nikadandia lori la Iringa nikaondoka zangu.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja ya katikati ya wiki, Mzee Salim na mimi tukiwa chumba cha pili tunabadilisha mkanda wa mashine, Kinyonga kiligoma. Boya lilinasa juu, likawa linadai maji yamejaa huku yanashuka. Komba aliyaona kwenye kioo. Akalikimbilia gurudumu la akiba, na mkono wake ukafikiri kama alivyosema. Akazungusha kulia. Gurudumu halikwenda, kwa kuwa vali ilikuwa imefungwa tayari na yeye alikuwa anaifunga zaidi. Lakini miaka yote gurudumu lile lilikuwa gumu, sivyo? Akaona ni kutu ileile. Akachukua kile kipande cha bomba, maana hata hicho sikukiondoa, akakipachika, akavuta kwa uzito wake wote. Shingo ya vali ikapasuka, na maji ya kulishia boila, yaliyokuwa yamekwisha kupashwa moto, yakamfokea kwenye mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Tulipoingia mvuke ulikuwa umejaa, hatuoni kitu, tunasikia sauti yake tu. "Toa moto! Msitie maji, toa moto!" Mzee Salim akaruka kuzima pampu. Mimi na wawili wengine tukavuta magogo kwa reki, yanawaka, tunayamwagia udongo mbichi. Komba hakutoka. Ngozi ya mkono inabambuka kama ganda la kiazi, yeye kasimama mbele ya kioo akitusomea maji yalipofika, "Bado kidogo! Vuta! Bado kidogo!" Boila haikupasuka. Moto ulipokwisha ndipo alipokaa chini, na akiisha kukaa hakuweza kusimama tena. Alibebwa na gari la Bwana Meneja kwenda hospitali.

Mzee Salim hakupaza sauti. Aliokota ile vali, akaizungusha kushoto, kulia, akaiweka chini.

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza, mzee."

"Akasemaje?"

Nikamwambia. Nikaongeza, "Nilidhani ni utani."

"Mtu akitaja mkono wake na kifo chake kwa pumzi moja, mwanangu, huo kwenu Kalenga ndio mnaouita utani?"

Nililia. Naandika hivyo bila aibu. Nililia nyuma ya rundo la kuni, na hakuna aliyekuja kunibembeleza, na walifanya vizuri.

Kuanzia hapo Mzee Salim akaweka sheria kwenye chumba cha boila. Mtaniane mtakavyo, lakini mwenye kutaka kusema kweli avue kofia kwanza, na aliyevua kofia asikatizwe na mtu. Mnaijua Mufindi ninyi? Ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa, hakuna anayevua kofia ya sufi kwa mchezo. Ikafanya kazi. Nimeona watu wazima wakivua kofia kusema "Hiki kioo kina nyufa," na kiwanda kizima kikanyamaza.

Sheria ya pili ilikuwa Jumatatu. Kila Jumatatu tulikifunga Kinyonga kwa makusudi, na boila ikaendeshwa kwa gurudumu la mkono mpaka chai ya saa nne, kila mchoma kuni kwa zamu yake. Bwana Meneja alilalamika kuwa tunapoteza muda. Mzee Salim akavua kofia yake, akangoja tu. Meneja akaondoka.

Na ile vali tuliibadilisha tena, safari hii kama inavyotakiwa. Andika hapa, mwenye kalamu mbili. Kitu cha akiba kilichopitwa na wakati hakibadilishwi na spana, kinabadilishwa na watu. Kwanza mwache mtu afumbe macho akuonyeshe mkono wake unaendaje, usimwulize mdomo peke yake. Kikigeuka upande, geuza na umbo: sisi gurudumu jipya tulilipachika juu zaidi, mtu anyanyue mkono, ajue yuko kwenye kitu kigeni. Ondoa kila kisaidizi cha kile cha zamani, lile bomba la kukazia nililitupa mwenyewe korongoni. Halafu kaa naye siku saba azungushe mpaka achoke, na akichoka azungushe tena. Ninyi mtasema mna mafunzo ya nusu saa na karatasi ya kusaini. Karatasi haina mkono!

Baada ya hapo nilikuwa fundi msumbufu, nakiri. Waliniazima huku na huko, na kila nilikokwenda nilianza kwa kutafuta cha akiba. Kule Usangu, upande wa Ubaruku, nilikuta mashine ya kukoboa mpunga yenye mti wa breki wa kusimamishia mkanda kwa mkono. Umefungwa kufuli. Kufuli, jamani! Nikamwuliza msimamizi ufunguo uko wapi. "Tajiri anao. Anaogopa watu wasichezee." Tajiri yuko wapi? "Kaenda Mbeya, atarudi Alhamisi." Nikamwuliza, "Kwa hiyo nguo ya mtu ikinaswa na mkanda leo, asubiri Alhamisi?" Akafikiri kweli, yule bwana, akasema, "Labda Jumatano, gari likiwahi." Nilichukua msumeno nikakata lile kufuli. Tajiri aliporudi alinifukuza, nikaondoka nikiwa na furaha kuliko siku aliyoniajiri.

Nirudi kwa Komba. Alirudi kazini baada ya miezi, mkono unang'aa kama umepakwa mafuta, vidole viwili havikunjiki. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alisimama mlangoni akatangaza, "Huyu Mhehe alitaka kunipika, akakosa chumvi!" Watu wakaangua kicheko. Nikamfuata pembeni, nikaanza, "Komba, ndugu yangu, mimi siku ile..." Akanikatiza, "Mateka hana ndugu. Leta kuni." Nikajaribu tena mwezi uliofuata, tena wakati wa mavuno, tena siku ya harusi yangu. Kila mara alinigeuzia utani. Hakuna kitu kinachoudhi duniani kama mtu mwenye haki ya kukukasirikia anayekataa kukukasirikia. Miaka ikapita, tukastaafu, yeye akahamia Mbeya kwa binti yake.

Mwaka fulani nikapanda basi kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya mlango, amevaa kofia ya sufi, amezeeka, lakini mdomo uleule. "Kamwene, mateka! Huku Mbeya mbwa wafichwe!" Sikumjibu. Nilisimama mbele yake nikavua kofia. Akanyamaza. Sheria ni sheria.

Nikamwambia, "Komba, nimedanganya watu miaka yote. Nilimwambia Mzee Salim kwamba nilidhani ni utani. Sikudhani. Ulipofumba macho na kuizungusha ile vali nilijua unasema kweli. Lakini kuirekebisha kungechukua mchana wote, na lori la Iringa lilikuwa linangoja, na Kihesa kulikuwa na binti aliyeniambia nisipofika Jumamosi ile nisije tena. Nikatia utani ili watu wacheke nipate kuondoka. Ndivyo ulivyoungua."

Binti mwenyewe ndiye huyu mke wangu aliyeniwekea chai juzi. Haya naye anayasoma hapa kwa mara ya kwanza.

Komba akapandisha ule mkono wake wa kulia, taratibu, akavua kofia yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Lori lilipiga honi mara tatu. Nilikuona unavyoangalia mlango."

"Sasa mbona hukusema? Miaka yote hii?"

"Nimwambie nani? Salim? Angekufukuza. Yule binti angeolewa na fundi cherehani." Akapumua. "Niliumia, Agusti. Niliumia sana. Hata sasa baridi ikija vinauma hivi vidole."

Akavaa kofia yake. Halafu akanyoosha mkono uleule, akaninyang'anya kofia yangu niliyokuwa nimeishika, akaivaa juu ya yake.

"Hii naichukua, mateka. Wewe nenda hivyohivyo, kichwa wazi."

Nikarudi Iringa kichwa wazi, na kipupwe chote kile. Komba alikufa mwaka uliofuata, akazikwa na kofia zote mbili. Mimi sijavaa nyingine tangu siku ile, kwa hiyo msione maringo. Kesho mkifika kazini, ondoeni lile koti.